Muulize Fundi: Usinunue wati, nunua mwanga

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji. Meseji za mwezi huu nyingi zimekuja na suala moja tu, globu. Ipi ya kununua, ipi inakula umeme, mbona hii imekufa mapema, mbona ile inawaka yenyewe usiku. Nimechagua zile ambazo jawabu lake litawafaa na wengine, na pale palipohitaji maneno mengi nimeyasema mengi, maana mambo ya umeme ukimueleza mtu nusu unamtia hasarani.

SUALI: Fundi shkamoo. Nyumba yetu ina globu za kila aina, zile za zamani za waya, enaji seva za kujikunja na LED mbili tatu. Nikitia umeme haufiki popote, baba watoto kila siku ugomvi, anasema tubadilishe taa zote siku moja. Nimepita Darajani nimeona LED za bei rahisi kabisa na nyengine bei mara tatu yake, zote zimeandikwa wati 9, muuzaji ananambia zote ni zile zile tu. Nifanye nini?
Mama wa watoto wanne, Jang'ombe

JAWABU: Marhaba mama, na pole na ugomvi. Usibadilishe zote siku moja, hakuna haja. Anza na ile inayowaka saa nyingi, na kwa nyumba zetu nyingi hiyo ni ya nje, ya barazani au ya uani, inawashwa magharibi na haizimwi mpaka mtu ametoka kusali alfajiri ndo anaikumbuka. Sasa hebu tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kama ile ya nje ni globu ya waya ya wati 100 na inawaka saa 12, basi kila usiku inakula uniti moja na pointi mbili, mwezi mzima uniti 36, globu moja tu hiyo peke yake! Ukiitoa ukatia LED ya wati 13 yenye mwanga unaokaribia ule, mwezi mzima uniti 5 hazitimii. Zile 31 zilizobaki zidisha kwa bei unayonunulia uniti kisha muoneshe baba watoto.

Sababu yake ni kwamba globu ya waya mwanga inaotoa ni mdogo sana, katika umeme wote unaoilisha asilimia 5 hivi tu ndo inakuwa mwanga, nyengine yote ni joto, ndo maana ukiigusa inakuunguza. Unakuwa unalipia jiko na wewe ulitaka taa.

Lakini globu ya stoo, ile inayowashwa mtu akifata mchele kisha ikazimwa, iache hata ikiwa ya waya, itakapokufa ndo utaibadilisha. Na enaji seva zako pia usizitupe maadam zinafanya kazi. Enaji seva ya wati 20 ikiwaka saa 5 kwa siku inakula uniti 3 kwa mwezi, LED ya mwanga kama huo ya wati 12 inakula kama 1.8, tofauti ni uniti moja na kidogo, haifai kutupa kitu kizima kwa hilo.

Sasa hili la bei, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Wati haikwambii taa inatoa mwanga kiasi gani, inakwambia inakula umeme kiasi gani. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na lumeni imeandikwa ubavuni mwa sanduku, kwa kawaida kwa herufi ndogo kuliko wati. Sie tumezoea kusema nataka ya 60 nataka ya 100 kwa sababu zamani zote zilikuwa za waya na wati zikienda sambamba na mwanga, siku hizi haziendi tena. Ile ya 40 tuliyoizoea ilikuwa inatoa lumeni kama 450, ya 60 kama 800, ya 75 kama 1,100, ya 100 kati ya 1,500 na 1,600. Hizo namba zishike kichwani, ukifika dukani waambie nataka lumeni 800 kisha uwaangalie.

LED nzuri ya kawaida inatoa lumeni 90 mpaka 110 kwa kila wati moja. Kwa hivo wati 9 ya kweli ni lumeni 800 mpaka 1,000 hivi. Ukiona sanduku limeandikwa wati 9 na lumeni 3,000 huo ni uongo mtupu, irudishe kwenye kabati lake. Na lile sanduku ambalo halina lumeni kabisa, limeandikwa kwa herufi kubwa tu kwamba ni sawa na wati 100, hilo pia achana nalo, hata likiwa bei ya karanga, kwa sababu aliyeitengeneza kama angekuwa na mwanga wa kuuonesha angeuandika.

Muombe muuzaji aiwashe mbele yako, kila duka la vifaa vya umeme lina holda ya kujaribia. Ikiwa inawaka fungua kamera ya simu, isogeze karibu na globu na uangalie kwenye kioo, ukiona mistari myeusi mipana inatembea juu ya picha ujue mwanga wake unakatika katika haraka sana, macho hayauoni lakini watoto wakisomea chini yake wanaweza kuumwa na kichwa. Kisha ishike mkononi pamoja na ile ya bei rahisi. Ile nzuri mara nyingi ni nzito kidogo kwa sababu ndani yake mna bati la alumini la kutolea joto, ile nyengine ni plastiki tupu na kijibati chembamba. Uliza garantii, andikiwa risiti yenye tarehe, na angalia kama ina alama ya ubora ya ZBS au TBS.

Na angalia mguu wake kabla hujatoka dukani, kama holda zako ni za pini usichukue ya kuzungusha, najua ni jambo dogo lakini watu wanarudi kutoka mjini mpaka Jambiani na globu ambayo haiingii.

Jambo la mwisho kwako mama. Ukishamaliza taa na umeme bado unakwenda mbio, usizilaumu tena taa. Birika la umeme la wati 2,000 likichemka kwa jumla nusu saa limeshakula uniti moja, na LED yako ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku inachukua wiki tatu kuimaliza uniti hiyo hiyo. Angalieni friji kama mpira wa mlango wake haujalegea, angalieni pasi, angalieni hita ya maji kama mnayo.

SUALI: Mie ni fundi cherehani, nashona sana usiku hasa kuelekea sikukuu. Tokea nimetia LED nyeupe kali dukani nalipa umeme kidogo alhamdulillah, ila nikichagua uzi usiku naona umekubali na kitambaa, asubuhi nikitoka nje hata havikaribiani. Juzi mteja kanirudishia gauni la damu ya mzee. Macho yangu yanaharibika au ni taa?
Fundi cherehani, Wete

JAWABU: Macho yako mazima fundi mwenzangu, ni taa, na suali lako limenifurahisha maana watu wengi yanawakuta haya kwenye maduka ya kanga na vitambaa na hawajui sababu.

LED nyeupe kwa asili yake si nyeupe. Ukiifungua globu ukatoa kile kifuniko cheupe utaona vijipande vidogo vya rangi ya manjano vimepangwa duara. Chini ya ule unga wa manjano kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, buluu ikipita kwenye ule unga inachanganyika na manjano na jicho linaona weupe. LED nyekundu watu wanayo tokea 1962 lakini buluu ilisumbua miaka na miaka, na bila buluu nyeupe haipatikani, ndo maana Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walioipata wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Sasa weupe wa namna hiyo, hasa kwenye globu rahisi, una buluu nyingi na manjano ya kutosha lakini nyekundu ni haba. Na kitambaa hakina mwanga wake, kinarudisha kile ulichokimulikia. Damu ya mzee inataka nyekundu, ukiimulikia taa isiyokuwa na nyekundu itakaa kama kahawia iliyokolea, na uzi wa kahawia ukiuweka pembeni yake utakwambia tumekubaliana. Asubuhi jua lina rangi zote, kitambaa kinarudi kwenye wekundu wake na uzi unabaki kahawia, ndo hapo.

Dawa yake ipo. Kwenye sanduku tafuta maandishi CRI au Ra, ni kipimo cha namna taa inavyoonesha rangi kwa ukweli, jua ni 100, globu ya waya inakaribia 100, LED za kawaida za nyumbani ni 80, na nyengine rahisi hata hiyo 80 hazifiki. Wewe kwa kazi yako tafuta ya 90 au zaidi. Itakuwa ghali na huenda ukalazimika kuagizia mjini Unguja au Dar, lakini huhitaji kubadilisha duka zima, unahitaji moja tu, juu ya cherehani. Na rangi ya mwanga chukua kelvini 4,000 mpaka 5,000, hiyo 6,500 uliyonayo sasa inavuta kwenye ubuluu.

Kisha ishushe. Taa ya darini inamwaga mwanga mpaka kwenye pembe ambazo hakuna anayeshona. Ukiileta karibu na sindano kwa nusu ya umbali, mwanga unaofika kitambaani unakuwa mara nne, kwa hivo globu ya lumeni 450 ya kwenye mkono wa kukunja inakufaa kuliko ya 1,500 iliyoko juu, unashona kwa raha na umeme unapungua. Kwa gauni la bi harusi au nguo ya gharama mie bado ningesubiri asubuhi, nyuzi nne tano juu ya kitambaa pale mlangoni, kabla ya kukata chochote.

SUALI: Kaka habari. Globu ya LED chumbani kwangu nikizima haizimi vizuri, inabaki na mwanga mdogo wa kufifia, saa nyengine inapepesa pepesa usiku mzima. Bibi anasema chumba kina kitu.
Kijana, Fuoni

JAWABU: Ayatul Kursiy soma kila usiku, hilo bibi yuko sahihi, lakini hii ni waya.

LED inataka umeme kidogo sana kuwaka, hata ule unaovuja kwa njia ya pembeni inaupokea, globu ya zamani ulikuwa huuoni kwa sababu ile ilitaka mwingi. Ikiwa swichi yako ina kile kitaa chekundu kidogo cha kuioneshea gizani, kitaa hicho kinapitisha umeme kidogo kwenda kwenye globu, badilisha swichi ya kawaida, yamekwisha. Saa nyengine ni waya mbili ndefu zimelala pamoja ndani ya bomba moja, hiyo haina madhara.

Ila kuna sababu ya tatu na hii ndo iliyonifanya nilichague suali lako. Fundi aliyefunga huenda alipitisha nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwenye swichi badala ya laivu, ule unaouleta. Hapo ukizima unakata njia ya kurudi tu, laivu imebaki pale kwenye holda masaa yote, mtu anapanda kiti akijua amezima, anatia kidole kwenye holda, umeme unampiga na anaanguka. Nyumba nyingi zilizofungwa kwa haraka zina kosa hili na hakuna anayejua mpaka siku hiyo. Muite fundi anayejua kazi, azime swichi ya taa, atoe globu, aguse pini za holda kwa testa. Testa ikiwaka na swichi imezimwa basi ndilo hilo. Kulirekebisha si kazi kubwa, ni kubadilishana waya tu, lakini usilifanye wewe. Na mpaka hapo usibadilishe globu yoyote nyumba hiyo bila ya kuzima mein swichi.

SUALI: Sisi kamati ya msikiti tuna taa za tyubu futi 4, ishirini, na mfadhili anataka kutusaidia kutia LED. Je faida yake ni ya kweli, na lazima tubadilishe na viti vyake?
Mzee wa kamati, Makunduchi

JAWABU: Shkamoo mzee wangu. Faida ni ya kweli. Tyubu ya futi 4 imeandikwa wati 36 lakini lile choki lake, kile kidude kizito kilichomo ndani ya kiti, nalo linakula, ukijumlisha ni kama 45. Ishirini ni wati 900. Tyubu za LED za wati 18 ishirini ni 360. Kwa saa 5 kwa siku, alfajiri, magharibi na isha pamoja na darsa, ni uniti 4.5 dhidi ya 1.8, kwa mwezi mnaokoa kama 81. Mwezi wa Ramadhani na tarawehe ni zaidi.

Viti vinaweza kubaki. Tyubu nyingi za LED zinakuja na kijistata chao maalumu, unatoa stata ya zamani unatia hicho basi, lakini choki likibaki linaendelea kula umeme kidogo na siku moja litakufa. Mie ningemwambia fundi alitoe choki kabisa na apeleke waya moja kwa moja. Hapo muwe waangalifu kitu kimoja, kuna tyubu zinazopokea laivu na nyutro upande mmoja na kuna zinazopokea laivu upande huu na nyutro upande wa pili, mchoro wake uko ubavuni mwa tyubu yenyewe. Msichanganye aina mbili msikiti mmoja, na fundi aandike kwenye kila kiti kwamba choki limeshatolewa, ili atakayekuja baada yake miaka kumi mbele asitie tyubu ya zamani humo.

Mwanga wa jumla utapungua kidogo mzee, ile ya zamani ikitoa pande zote, nusu yake ikienda darini. LED inaelekea chini. Wasomaji wa Qur'ani hawataona upungufu.

SUALI: Nimenunua LED ghali, sanduku limeandikwa saa 25,000, kila moja haimalizi mwaka! Zimo ndani ya mabakuli ya kioo ya kufunga darini na mbili ziko nje ukutani. Nishachoka.
Bi mwenye nyumba, Chake Chake

JAWABU: Saa 25,000 kwa saa 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 13 dada yangu, kwa hivo una haki ya kuchoka. Lakini kabla hujamlaumu muuzaji tazama bakuli.

Adui wa LED ni joto. Haitoi joto kali kama la globu ya waya lakini inatoa, na joto lake linakaa pale shingoni kwenye draiva, ule mtambo mdogo unaougeuza umeme wa mita. Bakuli la kioo lililofungwa linalifungia joto humo, globu imeelekea chini na joto linapanda juu, juu ndipo draiva ilipo. Kapasita yake inapikika kila usiku mpaka inakauka. Ukifungua moja iliyokufa utaona ama kipande kimoja cha manjano kina doa jeusi katikati, na kimoja kikifa vyote vinazimika kwa sababu vimefungwa mlolongo mmoja, au utanusa harufu ya kuungua kwenye draiva. Masanduku mengine yameandika kabisa kwamba globu isitiwe ndani ya taa iliyofungwa, ni vile hatusomi. Toa mabakuli au tia globu ya wati ndogo zaidi, au vua zote utie paneli za LED za kubandika darini ambazo bodi lake lenyewe ndo linalotoa joto.

Zile za nje ni chumvi. Hewa yetu ya bahari inaingia kwenye holda, shaba inaota kutu ya kijani, mgusano unakuwa mbovu, unatoa cheche ndogo ndogo na kila cheche inaipiga draiva. Mein swichi ikiwa imezimwa toa holda hizo, tia za udongo, na nje nunua taa iliyofungwa vizuri yenye maandishi IP65, hiyo imetengenezwa kwa mvua na vumbi na bodi lake linajua kutoa joto.

Na kama uko sehemu ambayo umeme jioni unashuka nguvu mpaka friji inaguruma, chukua globu iliyoandikwa inapokea volti 85 mpaka 265, siyo ile ya 220 mpaka 240 tu. Hiyo pana inavumilia.

SUALI: Kumbikumbi jamani! Mvua zikianza baraza haikaliki.
Msomaji, Bububu

JAWABU: Toa ile nyeupe ya 6,500 tia ya manjano ya kelvini 2,700 au chini ya hapo. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga wenye buluu. Hawatakwisha lakini watapungua sana, na usingizi wa waliolala chumba cha mbele pia utakuwa bora, buluu usiku inauambia mwili bado mchana.

SUALI: Hizi globu za chaji zinazowaka umeme ukikatika, zinafaa? Nyumba nzima nitie?
Baba, Mwanakwerekwe

JAWABU: Zinafaa, lakini si nyumba nzima. Tuliokuwepo tunakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari uliokuja kutoka Bara tokea 1980 ulipoharibika, Unguja nzima gizani miezi mitatu, watu wakarudi kwenye chemli. Tokea 2013 kuna waya wa pili, na Pemba ina wake kutoka Tanga tokea 2010, lakini kukatika kwa kawaida kupo.

Tia moja ukumbini na moja kwenye ngazi au koridoni. Ndani mna betri, na betri haipendi joto, baada ya mwaka au miwili inaanza kuchoka, itawaka nusu saa badala ya saa tatu. Ukiwa kwenye betri mwanga wake ni mdogo kuliko wa kawaida, usishangae. Na jueni hili, globu hii inajua umeme umekatika kwa kuhisi vitu vyengine vilivyobaki kwenye waya, friji, feni, chaja. Ukichomoa kila kitu au ukizima mein swichi inaweza isiwake kabisa, haijaharibika.

SUALI: Enaji seva imevunjika chumba cha watoto, nimesikia ina sumu, nimeingiwa na khofu.
Mama, Mkoani

JAWABU: Ina zebaki kidogo sana, miligramu chache, si ya kukimbiza watu spitali lakini si ya kudharau. Watoe watoto, fungua madirisha, zima feni, kaeni nje dakika kumi na tano. Usifagie, fagio linaitawanya. Vaa glavu au mfuko mkononi, kusanya vioo kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki ligusishe kwa seloteipu, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha vyote tia kwenye chupa yenye kifuniko na uifunge. Ikiwa ilivunjikia juu ya shuka, shuka hiyo usiifue na nguo nyengine. Kwa sababu ya zebaki hii nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kupunguza zebaki, zimekubaliana kuziondoa enaji seva sokoni, kwa hivo dukani ukiuziwa kwa bei ya kutupa usizibebe.

SUALI: Huku kwetu nguzo hazijafika, tuna sola ndogo. Ndugu yangu kaniletea LED kutoka mjini nimezifunga haziwaki, ya jirani yangu inawaka. Nataka taa nne tu.
Mvuvi, Micheweni

JAWABU: Hizo alizokuletea ni za umeme wa mita, zinataka volti 230. Wewe betri yako ni volti 12, globu zako lazima ziandikwe 12V DC. Na kinyume chake ni hatari zaidi, ya volti 12 usimpe mtu mwenye umeme wa mita akaijaribu, itapasuka.

Taa nne za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100 kwa usiku. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 ampea-saa 50 ina kama wati-saa 600, lakini betri za maji ukizishusha chini ya nusu unaziua, kwa hivo hesabu 300, siku tatu za mawingu unazimaliza. Paneli ya wati 50 inakutosha, hata masika. Waya mwekundu kwenye chanya, ukigeuza globu nyingi za DC haziwaki na nyengine zinaungua.

Kinyasini huku Unguja kuna chuo cha Barefoot kilichowafundisha akinamama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, hao tunawaita mama sola. Ukimpata mmoja karibu na kwenu muite yeye kabla ya fundi mwengine yeyote, anaijua kazi hii ya volti 12. Na kama taa moja inakwenda mbali, jikoni au bandani, usitumie ule waya mwembamba wa spika, volti 12 inachoka njiani, ikifika huko imebaki 10 na taa inafifia. Tia waya wa milimita 2.5, na betri iweke karibu na katikati ya nyumba ili kila taa isiende mbali.